Machicha ya Panya

Panya waliingia kwenye mchele wa harusi. Nilikuwa nimeweka magunia mawili kwa ajili ya binti yangu Husna, moja likatobolewa chini, na harusi ilikuwa wiki inayofuata.

Nina duka la nafaka hapa Ukunda. Stoo iko nyuma, imepakana na jikoni. Mimi nimezaliwa kijijini Bodo, na panya wa Bodo akikuona anakimbia mpaka anajigonga. Wa Ukunda anakutazama, anasogea kidogo upite, kisha anaendelea kula. Si panyabuku wa mitaroni hawa. Ni wadogo, wa rangi ya vumbi, wanapita kwenye ufa usioingia kidole. Wamezalia nyuma ya friji ya soda kwa sababu mota ina joto. Taa hawaijali, redio hawaijali. Funguo zangu wanazijua. Nikizitoa mfukoni, stoo yote inanyamaza. Nikishafunga mlango nikasimama nje kusikiliza, wanaanza tena.

Nilikuwa situlii. Nampimia mteja sukari, sikio liko stoo. Nakaa, nainuka, nakwenda kugonga ukuta, narudi. Niliweka mtego wenye kipande cha papa mkavu. Walikula papa, mtego wakauacha umetegwa vilevile. Niliazima paka. Alikula dagaa wa kuuza akalala juu ya magunia.

Jirani yangu Kaloki, Mkamba anayefanya kazi ya bustani kwenye hoteli Diani, aliniletea sumu ya unga. Akaniambia niichanganye na kitu wanachokipenda, na niwaambie watu wote wa nyumbani. Hilo la pili nililiona la kijinga. Kwetu panya hatajwi. Ukisema habari ya mtego ndani ya nyumba, anasikia, na atakutafunia nguo uliyoiweka ya sikukuu. Mama yangu aliwaita wageni, na mke wangu Subira anawaita hivyohivyo. Nilipomweleza Kaloki, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee Matano, kwani panya wako wameenda shule?"

Nikamwambia wamesoma kunishinda mimi.

Subira akishakamua tui, machicha ya nazi yanayobaki huwamwagia kuku wake uani. Panya walikuwa wakiyaiba kwenye bakuli hata kabla hayajatoka jikoni. Basi nikachota konzi moja, nikachanganya sumu, nikaweka kwenye kifuniko cha ndoo nyuma ya magunia. Sikumwambia mtu. Nilitembea hapo nyumbani na mdomo nimeubana kama mwenye jino bovu.

Na kuku wale walikuwa wa biriani. Subira aliwalea tangu vifaranga, hata Idi hakuniachia nichinje mmoja. Watu wa bwana harusi wanatoka Waa, na Subira alikuwa ameshasema mbele ya dada zake kwamba atawalisha kuku wa mkono wake, si wa kununua.

Ijumaa niliporudi msikitini nilimkuta amechuchumaa uani, kuku mapajani, shingo imelegea. Wengine walikuwa wamelala huku na huku, mabawa wazi. Ufagio ulikuwa umeegemezwa mlango wa stoo. Wanawake wangekuja baada ya sala kuchagua mchele, kwa hiyo alikuwa ameifagia. Akaona machicha kwenye kifuniko, akadhani ni mimi nimeyasahau, akawatupia kuku.

Jogoo alikuwa bado anapepesuka. Nikakimbilia kisu, nimuwahi kabla hajawa mzoga. Subira akanishika mkono.

"Unataka kuwalisha wakwe zako sumu?"

Nikakiweka kisu chini.

"Uliitia kwenye machicha," akasema. "Na mimi hukuniambia."

"Ningeitajaje ndani ya nyumba, mama Husna? Wangesikia."

Hakupandisha sauti.

"Aliyekosa kusikia ni mimi," akasema, akaenda kuwafungulia mlango wanawake wa mchele.

Hesabu yake ni hii. Kuku kumi na mmoja na jogoo, tuliwafukia nyuma ya choo, Kaloki akichimba nami. Gunia moja la mchele, nililimwaga lote kwa sababu sikujua sumu imefika wapi. Biriani ilikuwa ya kuku wa broila, na dada za Subira walikula wakitazamana. Panya waliokufa, wawili. Husna alipokwenda Waa chumba chake kikabaki kitupu, na Subira akahamishia kitanda chake humo. Yuko humo mpaka leo.