Ushuhuda Uliotolewa Mapema

Daktari wa tatu alipomwambia kwamba moyo wake ni mzima, Zipora alitamani kumrukia. Mzima gani huu, unaokwenda mbio kama punda aliyekurupushwa, hadi kifua kinabana na vidole vinakufa ganzi? Mwaka mzima alikuwa ameitelekeza cherehani yake pale Mlali, akizunguka na mafaili ya hospitali. Alipimwa presha, vidonda vya tumbo, hata picha ya moyo. Majibu yalikuwa yale yale: hakuna kitu.

"Kama hakuna kitu, mbona nakufa kila siku?"

Daktari akamwandikia barua ya kwenda kwa mshauri wa afya ya akili, Dodoma mjini. Neno "akili" lilimkera kuliko ugonjwa wenyewe.

Lakini kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuwa na ruhusa ya kuumwa. Miezi mitatu nyuma, kikundi cha maombi cha akina mama kilimwekea mikono, na moyo ukatulia. Mama Anyesi, mwenyekiti, hakumpa hata nafasi ya kusubiri kesho. "Simama ushuhudie, mwanangu! Ukinyamaza, shetani anakurudishia ugonjwa." Basi Zipora akasimama mbele ya kanisa zima, akasema amepona kabisa. Kabisa! Vigelegele vikapigwa. Siku ya nne ugonjwa ukarudi, na yeye akafunga mdomo. Angeanzia wapi kumfanya Mungu aonekane mwongo?

"Nenda Dodoma," alisema mumewe, Bartolomayo, aliyechoka kuitwa kutoka shambani kuja kumshika mkono asife. "Mungu hatakasirika. Usipokwenda, mimi ndiye nitakayekasirika."

Mshauri alikuwa binti mwenye ushungi, mtu wa Kondoa, jina lake Asma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi si kichaa."

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Na wewe Mwislamu, mambo ya kanisani kwetu utayajulia wapi?"

Asma akacheka. "Huo moyo haujanitajia dhehebu lake, mama. Niambie ugonjwa ulianza lini."

Ulianza wiki mbili baada ya kumzika dada yake, aliyedondoka ghafla akichota maji kisimani, akiwa mzima kabisa, na kufa pale pale. Zipora hakuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Umewahi kuamia ndege shambani?" Asma aliuliza.

"Nimekulia kwenye uwele, unaniuliza hilo?"

"Mlinzi aliyeliwa shamba zima na ndege mara moja, mwaka unaofuata anarusha mawe hata jani likitikisika. Mwili wako ndiye huyo mlinzi. Mawe ni ya kweli na kuchoka ni kwa kweli, ila ndege hayupo. Hofu ikija usikimbie, usipime mapigo, usimwite mumeo. Simama pale pale. Itapanda, kisha itashuka yenyewe."

Zipora aliondoka amenuna. Ametoka Mlali na vumbi lote lile kuja kuambiwa asimame!

Hata hivyo alijaribu. Alisimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga huku jasho likimtoka, na hofu ikashuka. Kesho yake ikarudi kana kwamba hawajawahi kuonana. Ilikuwa kazi ya kuchosha, kama kumfundisha mbuzi adabu. Siku moja alijikuta anasali huku vidole viwili viko kwenye mshipa wa mkono, anasubiri kuona kama Mungu ametii. Aliona aibu. Akaondoa vidole, akaendelea kusali.

Kila Jumatano alikwenda Dodoma, na kanisani akasema anakwenda kununua vitambaa.

Ndipo akina mama wa kanisa la Gulwe walipokuja kukitembelea kikundi. Bila hata kumdokeza, Mama Anyesi akatangaza, "Sasa Zipora atawasimulia wageni wetu alivyoponywa!"

Zipora alisimama. Kifua kilikuwa kimeshabana.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Nilisema hapa kwamba nimepona kabisa. Sikupona. Naumwa ugonjwa wa hofu, natibiwa Dodoma kwa mshauri, na bado naendelea. Sikuwa nikinunua vitambaa."

Minong'ono ikazagaa. Mama Anyesi akaruka. "Mikono! Jamani, wekeni mikono!"

"Hapana, mama, naomba mkae. Imepanda sasa hivi. Nataka niisubiri ishuke."

"Tukae tufanye nini?"

"Mkae tu. Ombeni kimya kimya."

"Akina mama arobaini, kimya kimya? Na wageni wametoka Gulwe?"

"Ndiyo, mama."

Wakakaa. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea katika kikundi kile. Mtu akakohoa. Mama Anyesi aliitazama saa ya ukutani, akavuta pumzi kama aliyetwishwa gunia. Zipora akamwona dada yake akilini, pale kisimani, na safari hii hakumfukuza. Alimwomba Mungu ampe nguvu za kusimama, basi, hakuomba zaidi. Dakika zikapita. Taratibu, mapigo ya moyo yakaanza kupungua kasi.

"Imeshuka," alisema.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Hawakujua kama hili ni la kupigiwa.

Mgeni mmoja akainua mkono. "Samahani, dada. Na vidole hufa ganzi?"

"Hufa ganzi."

"Na koo linakaba?"

"Linakaba."

"Jamani!" Mama Anyesi alifoka. "Hiki ni kipindi cha ushuhuda, siyo zahanati!"

"Ngoja kwanza, mama," alisema yule mgeni, akisogea kumwachia Zipora nafasi kwenye benchi. "Huyo mshauri anapatikana siku zipi?"