Mgeni wa Siku ya Tatu

Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mwantumu alipanga vikombe ishirini vya bati juu ya meza yake, nje ya geti la kiwanda cha mkonge ambacho watu wa Korogwe wanakiita korona. Kulia aliweka birika la chai ya tangawizi, katikati beseni la maandazi lililofunikwa kitambaa, na kushoto kopo la sigara za rejareja. Wafanyakazi walikunywa chai, wakala andazi, wakachukua sigara moja moja, wakaingia kazini king'ora kilipolia.

Mwenyewe alivuta moto ndani, kama bibi yake wa Handeni alivyomfundisha. Upande unaowaka aliuweka kinywani na kufumba midomo, mikono ikabaki huru kwa kinu au jembe. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na arobaini na minne kati ya hiyo alikuwa akivuta.

Mwezi wa pili, binti yake Maryamu, anayeuza machungwa njia panda ya Segera, alijifungua mtoto wa kike, Munira. Mtoto alizaliwa kifua kinambana. Daktari alisema asikaribie moshi, wala nyumba yenye moshi, wala nguo zenye moshi. Maryamu alikuja mtaani Manundu peke yake, akasimama mlangoni kwa mama yake bila kuingia, akamweleza. Hakugombana. Alikuwa ameleta machungwa kumi na mawili, akayapanga kizingitini yasibingirike.

"Mama, siku moshi ukihama, mimi na Munira tutakuja. Hata ikiwa kesho."

Alipoondoka, Mwantumu alinusa pazia. Akanusa godoro, akanusa khanga za harusi yake zilizokuwa chini kabisa ya sanduku. Vyote vilinuka sigara. Alichukua pakiti iliyobaki akaitupa chooni.

Kesho yake, Jumapili, baada ya sala ya alasiri, moshi alibisha hodi. Hodi ikishabishwa haikataliwi, kwa hiyo Mwantumu alisema karibu, akamtolea kiti. Alikuwa na umbo la mtu mzima, rangi ya jivu, mabega yameshuka kidogo, na alikaa magoti yamekutana kama mkwe aliyekuja kujitambulisha. Alikuwa moshi wa miaka yote arobaini na minne. Hakula ugali wala hakunywa maji. Kila baada ya muda aliuliza kwa upole, "Tuwashe, mama?"

Mwantumu alisema hapana. Akamenya chungwa, akatafuna na ganda lake.

Siku ya pili mgeni alimfuata mpaka getini, akakaa kwenye benchi pamoja na wateja. Dorkasi, anayeuza karanga meza ya jirani, aliona jinsi Mwantumu anavyolitazama lile kopo la sigara. Alilichukua bila kusema kitu, akaliweka chini ya meza yake mwenyewe, akalifunika kwa khanga, akaendelea kufunga karanga. Kopo hilo halikurudi mezani tena.

Siku ya tatu asubuhi moshi alikuwa bado yupo kitini. Mwantumu akakumbuka malezi. Kwao Handeni mgeni alihudumiwa siku mbili, na ya tatu alipewa jembe, hata awe mjomba. Akatoa jembe nyuma ya mlango.

"Kwetu ndivyo tulivyo," alimwambia.

Moshi alilitazama jembe kwa muda mrefu. Hakuwa amelitegemea. Lakini alikuwa mgeni mwenye adabu, akalipokea. Mwantumu alimpandisha basi la Handeni, ashuke Sindeni, ambako shamba la ekari moja aliloachiwa na mama yake lilikuwa pori mwaka wa sita kwa sababu yeye hakuwa na pumzi ya kulilima. Konda alilipisha jembe kama mzigo. Moshi hakumlipisha, maana hakujaza kiti.

Baada ya wiki moja Mwaija, jirani wa shamba, alipiga simu kutoka Sindeni. Alisema yupo mtu wa rangi ya jivu analima, mistari imenyooka, ila anazidi kukonda. Akauliza kama apelekewe maji. Mwantumu alimshukuru, akasema hanywi.

Mtu wa kwanza kumtania alikuwa Semboja, Msambaa wa Dindira, aliyefanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha brashi, kule singa za mkonge zilizokauka zinakosafishwa kabla ya kufungwa marobota.

"Mama Maryamu, wewe umeacha sigara, au sigara imeona umezeeka ikakuacha?"

"Imeniacha," alisema Mwantumu. "Sasa inatafuta mchumba. Naona inakuangalia wewe."

Benchi zima lilicheka. Lakini kuanzia siku ile Semboja alikwenda kuvutia nyuma ya ukuta, upepo usimpelekee mama wa watu harufu. Mwantumu aliliona hilo, naye hakulisahau. Ijumaa Semboja alikuja bila sigara sikioni, akauliza inafanywaje.

Mwantumu alimweleza yote. Siku mbili umvumilie, umsikilize, usimpe anachoomba. Ya tatu mpe jembe. Na hilo jembe ulishike wewe mwenyewe tangu siku ya kwanza, ili mikono iwe na kazi. Akampa vipande vya mua vya kutafuna. Siku ya nne moshi wa Semboja alipanda basi la Handeni.

Wengine wa chumba cha brashi walifuata, mmoja mmoja, mpaka wakawa wote kumi na mmoja. Ikawa desturi pale mezani kwamba kabla ya chai kila mtu anataja siku yake. Mmoja anasema tisa, mwingine kumi na nne. Mwingine akasema, "Mbili, na jana nimemtukana mke wangu bila kosa." Aliyekuwa siku ya pili ndiye aliyepewa andazi la kwanza, likiwa bado la moto, kwa sababu siku ya pili ni ndefu. Yule aliyemtukana mkewe alipewa mawili, moja la kupeleka nyumbani.

Siku ya ishirini na nne Semboja alipanda Dindira kwenye msiba wa shemeji yake. Kule wanaume walikaa nje juu ya mikeka, na sahani ya sigara ikapitishwa kama kawaida ya matanga. Kukataa sahani ya msiba aliona vibaya, akachukua moja. Alipofika nyumbani alimkuta moshi wake amekaa sebuleni, jembe amelilaza mapajani, bado lina udongo wa Sindeni.

Jumatatu pale mezani zamu yake ilifika.

"Moja," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mwantumu alimpa andazi la moto.

"Kujikwaa si kuanguka, baba. Jembe lako unajua lilipo."

Safari hii moshi wake hakungoja siku ya tatu. Alikuwa amezoea kulima, na kukaa bure mbele ya mtu asiyewasha kitu aliona hakuna faida. Siku ya pili jioni aliaga mwenyewe, akarudi Sindeni na jembe lake.

Moshi wote kumi na wawili walilima Sindeni masika yale. Walimaliza ekari ya Mwantumu, wakaenda ya Mwaija, wakaenda ya mjane mmoja ambaye hakuwa na wa kumlimia. Walipanda mahindi, wakapalilia mara mbili. Kadiri walivyolima ndivyo walivyokonda. Mahindi yalipobeba, jua lilikuwa linapita katikati ya miili yao. Asubuhi moja Mwaija alikuta majembe kumi na mawili yamesafishwa na kuegemezwa ukuta wa ghala, na shambani hapakuwa na mtu.

Siku iyo hiyo, pale getini, wanaume kumi na mmoja walikunywa chai wakakohoa.

Walitazamana. Mwaka hadi mwaka muuguzi wa kiwanda aliwaambia kwamba kikohozi chao ni sigara zao. Ndivyo lilivyosema hata tangazo lililobandikwa mlangoni kwa meneja. Sigara hawakuwa nazo. Wakageuka nyuma, na pale ambapo wale wa rangi ya jivu walikuwa wakikaa, wakawaona wengine, weupe, kumi na mmoja. Hawa hawakubisha hodi. Walikuwa wamekaa nyuma ya wale wa jivu siku zote, ila hawakuonekana.

Mwantumu alikwenda nyumbani, akarudi na jembe, akamnyooshea yule wa Semboja. Mweupe hakulipokea.

"Mimi si mgeni, mama," alisema. "Mimi nipo kazini."

Alikuwa vumbi la singa. Semboja alimtazama bila hasira, kama mtu anayetambulishwa kwa mpangaji aliyeishi naye muda mrefu. Siku hiyo walimwandikia meneja barua. Walieleza kwamba sigara wameacha, kikohozi kimebaki, na wanaomba barakoa na feni ya kutoa vumbi. Wote kumi na mmoja walitia sahihi.

Meneja alitoka getini kuwaona. Aliuliza wale weupe ni nani, akajibiwa ni vumbi. Aliwahesabu, akamwambia mlinzi awaandikishe kwenye daftari la wageni. Wiki tatu baadaye likaja jibu, kwamba barua imepokelewa. Tangazo la zamani lilibanduliwa, likabandikwa jipya, kubwa zaidi, lenye picha ya sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu.

Mwezi wa saba, Jumamosi, Maryamu alifika Manundu na Munira mgongoni. Alisimama mlangoni kama mara ya kwanza. Alinusa pazia, akaingia, akanusa godoro, akafungua sanduku akanusa khanga za harusi. Zilinuka sabuni na machungwa. Alimfungua mtoto akampa mama yake.

Munira alikuwa na miezi mitano. Alimnusa bibi yake shingoni, akapiga chafya moja, akalala. Kifua chake kilipanda na kushuka bila sauti yoyote, na Mwantumu alikaa hivyo mpaka adhuhuri, hakutaka hata kuhamisha mguu uliokufa ganzi. Maryamu alichemsha mahindi ya Sindeni. Hosiana, mke wa Semboja, alipita kusalimia, akaona hali, akaosha vyombo vyote kimya kimya, akaondoka bila kuaga ili asimwamshe mtoto.

Jumatano Mwantumu alipanga vikombe ishirini.

"Siku?" aliuliza.

"Mia moja na moja," alisema Semboja, na benchi likampigia makofi. Wenzake walifuata. Mia moja na kumi na tano. Mia moja na tatu. Tisini. Hata mlinzi alisogea, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mbili, akapewa andazi la moto.

Wa mwisho alikuwa Hiza, mwajiriwa mpya, mwenye wiki moja katika chumba cha brashi. Alisema hana siku ya kutaja, shikamoo mama, maana hajawahi kuvuta sigara tangu azaliwe. Nyuma yake kilikuwepo cheupe kidogo, kimo cha mtoto anayeanza kutembea, kinajaribu kupanda benchi.

Mwantumu alimmiminia Hiza chai. Kisha akakisogezea kile cheupe kigoda, kwa kuwa kilishapanda benchi na miguu yake ilikuwa haijafika chini. King'ora kililia, wakainuka wote, wakaingia kazini.