Alilia au Hakulia

...alilia au hakulia, hilo ndilo swali, na penseli ya binti huyu Gumato imesimama juu ya kisanduku kidogo kilichochorwa kwenye karatasi yake, haishuki wala haiondoki, inaningoja mimi, kana kwamba mimi ni shahidi, na katika miaka thelathini na saba ya kusomesha nimewaambia wanafunzi wangu kwamba shahidi hashuhudii ila alichokiona kwa macho yake au alichokisikia kwa masikio yake, basi nimjibu nini, nimwambie nilisikia mvua?... "Taratibu tu, Maalim, hakuna haraka," anasema, naye ni Mborana, Kisomali chake hakivuki salamu, ndiyo maana tunazungumza Kiswahili, yeye kile cha shule na zahanati, mimi kile nilichokipata Lamu nilipokwenda kusoma fiqhi ujanani, na nyuma ya pazia Arbia, binti yangu, anatwanga iliki ya chai, tok, tok, tok... hapana, alikuwa akitwanga, sasa hatwangi, kinu kimenyamaza tangu neno lile litoke kinywani mwa Gumato, alilia, au hakulia.

Na mbona amerudi, mwezi uliopita si alikuja, akaketi papo hapo kwenye mkeka, akauliza katika miaka mitano wamezaliwa wangapi katika nyumba hii na wamekufa wangapi, nami nikamjibu upesi, wamezaliwa wawili, wako hai wawili, alhamdulillahi, akaandika, akanywa chai, akaenda zake, na sikusema uongo, sisi hatuhesabu watoto kwa sauti, jicho la husuda lipo, na asiyefika siku ya saba, asiyechinjiwa mbuzi wa jina, hatajwi, hata mama yake hatajiwi, ni adabu, ni huruma, ndivyo nilivyowakuta wazee wangu wakifanya... au nilisema uongo?... maana leo ameingia na karatasi mpya, akacheka kidogo kabla hata ya kuketi, "Maalim, usinikasirikie, mkubwa wangu amepiga hesabu za bulla zote, mitaa yote ya hapa mjini, kisha akaniita, akaniambia, Gumato, kumbe Garissa mmeishinda Nairobi, huku watoto hawafi siku ya kwanza, wote wanangoja wafikishe mwezi ndipo wafe? Nenda kaulize tena!" nami nikacheka pamoja naye, nikacheka kweli, mpaka alipoendelea akasema kwamba wale wasioandikwa ndio sababu ya kutoletwa mkunga aliyefundishwa upande huu, karatasi inasema huku hakuna shida, na asiyekuwa na shida nani atamjengea chumba cha kuzalia, na halafu, kwa heshima, macho chini, "Safari hii tumeambiwa tumuulize mama mwenyewe, wewe ukituruhusu," nami nikasema, upesi tena, daima upesi, "Niulize mimi, mimi ndiye niliyemzika."

Mimi ndiye niliyemzika, neno hilo lilinitoka bila kulipima, na kwalo nikakiri kwamba alikuwapo wa tatu, sasa yupo, yuko hapa chumbani, amelala katika kile kisanduku ambacho hakijatiwa alama, na binti wa watu akageuza ukurasa, akasoma kwa sauti ya upole, mtoto huyo alipozaliwa alilia, au alipumua, au alitikisa kiungo chochote, hata kidogo?... subhanallah, ni masala yale yale, yale yale kabisa niliyosomeshwa Lamu chini ya taa ya mafuta, kwamba kichanga akitoa sauti, au ikionekana dalili ya uhai, pumzi, mtikisiko wa kiungo, basi huyo ni mtu kamili, ataoshwa, atavishwa sanda, ataswaliwa, atarithi na kurithiwa, na isipoonekana dalili atazikwa pasina swala, nami nimeyasomesha hayo mara ngapi, wanafunzi wakiyakariri kwa wimbo, na sasa watu wa ofisini, ambao sidhani kama wamewahi kufungua kitabu kimoja cha fiqhi, wametembea njia yao mbali na yangu, wakafika mlango ule ule, wakabisha hodi nyumbani kwangu mimi, ilhali mimi siku ile...

Siku ile ilikuwa Jumanne, mvua za mwaka jana, zile ambazo hakuna mzee aliyezijua mfano wake, Tana umevuka kingo, malori ya Nairobi yamezama hadi vioo, na njia ya hospitali ikawa ziwa, punda maji yakimfika tumboni, Arbia amekuja kwangu kujifungua kama ilivyo desturi, mumewe Abdimalik yuko na ngamia pande za Hulugho, mama yake, mke wangu Sadiyo, tulikwisha kumzika, Mungu amrehemu, angekuwapo Sadiyo nisingeulizwa mimi, na mkunga alikuwa Maka, bibi mwenye ulimi kama wembe, alitoka na kitu kidogo ndani ya kitambaa, akasimama mlangoni mwa chuo changu cha Kurani, maji yakimchuruzika, akasema, "Maalim, viache vitabu vyako, njoo," nikamwendea, nikamwuliza, amelia?... niliuliza, hilo nina yakini nalo... naye akasema, "Sauti ndogo, kama ya mtoto wa paka," nami nikasema, sauti ndogo si kilio... je, nilisema hivyo, au Maka ndiye aliyesema pengine ni paka kweli, maana paka alikuwamo, paka wetu wa kijivu alikuwa chini ya kitanda akiikimbia mvua, nimemwona mwenyewe akitoka, basi ilikuwa sauti ya paka, au paka nimemleta mimi baadaye, nikamweka chini ya kitanda, ili anitolee ushahidi?... nalikumbuka jambo moja tu sawasawa, Maka alisema, "Haya, wewe ndiye mwenye elimu," na yule bibi hajawahi kumwachia mwanamume neno la mwisho maishani mwake, alitukana madereva, alitukana madiwani, aliwahi kuniambia ndevu zangu zimesoma kunizidi mimi, lakini siku ile aliniachia, na sasa amerudi kwao Diff, wala hakuna wa kumwuliza.

Nikazika, nyuma ya ua, shimo likijaa maji kadiri ninavyochimba, nikiyachota kwa bakuli, nikichimba tena, sikuswali, sikumpa jina, mimi niliyewaadhinia mamia ya watoto wa bulla hii masikioni, na nikajiambia ni huruma, kisichokuwa na jina hakililiwi muda mrefu, nikaingia ndani nikamwambia Arbia, hakuwa na uhai, mwanangu, usijihesabie msiba, naye akainua kichwa kutoka kwenye mto, akasema, "Aabo, yeye ali..." nami nikamwekea kiganja kwenye paji la uso, nikasema, nyamaza mama, pumzika, ni heri yako, akanyamaza... miezi minane, ananipikia, ananifulia kanzu, asubuhi ananisalimu, Aabo umeamkaje, na ile sentensi hajaimaliza, ali nini, alifanya nini, alikufa, alitabasamu, ali... na mimi mwalimu, ninayemrudisha mwanafunzi mwanzo wa aya akiruka herufi moja, sijamwambia hata siku moja, endelea.

"Maalim, niandike sijui?" anauliza Gumato, "kuna kisanduku cha sijui pia," na ananionyesha kwa ncha ya penseli, nami namshukuru, nataka kusema naam, hicho, hicho kinanitosha, mvua ilikuwa kubwa, mabati yalinguruma, mtu angewezaje kusikia... lakini mabati ya chuo na mabati ya nyumba yamegusana, ukuta kati yetu ni mkeka tu, na mvua ile mbona haikunizuia kuzisikia kelele za Arbia, nilizisikia zote, tangu adhuhuri, zikipasua mkeka, zikinipasua mimi, na wanafunzi arubaini wamekodoa macho juu ya mbao zao, wananitazama mimi, na ndipo... la, si mvua... ndipo nilipopiga fimbo chini, nikasema, pazeni sauti! atakayenong'ona nitamwona! nao watoto hawajapata kupewa ruhusa tamu kama ile, wakafumua makoo arubaini, wakapiga kelele za Kurani mpaka vumbi likadondoka juani mwa... hapakuwa na jua, mpaka matone yakadondoka kwenye mbao, nami nikiwaongoza, sauti yangu juu ya zao, sikutaka wamsikie binti yangu, sikutaka mimi nimsikie, na hapo katikati, wakati fulani ndani ya sura ile ndefu, yeye alizaliwa... nilimfunika kwa maneno matakatifu, mtoto ambaye sauti yake ilikuwa ndogo, halafu nikatoka mlangoni nikauliza, amelia?, kama mtu aliyezima taa kwa mkono wake akauliza mbona giza, na nilipoambiwa ndiyo, kidogo, nikauliza elimu yangu, wala sikumwuliza aliyekuwa pale, aliyemshika, ambaye mkono wangu ulikuwa juu ya paji lake.

Sijui, basi, ni neno la kweli kinywani mwangu, lakini kisanduku kile si cha sijui yangu, wala hawakuniuliza mimi, waliniomba ruhusa tu, nami nikajitia mahali pa mtu mwingine kama nilivyofanya siku ile, na kaburini watu huswaliwa hata baada ya miezi, wapo maulamaa walioruhusu, ningeweza kwenda sasa hivi nyuma ya ua, nina udhu, lakini nitamswalia nani, mvulana au msichana, hata hilo sikufunua kitambaa nikatazama, ya Rabbi, hata hilo analijua yeye peke yake, aliye umbali wa hatua nne, nyuma ya pazia la maua mekundu... "Maalim?" Gumato anasema, penseli iko pale pale, hajachoka, amefundishwa kungoja, na leo ni Alhamisi, chuo kimefungwa, mbao zimeoshwa zimeegemezwa ukutani, mbingu nyeupe haina hata wingu, mabati yamenyamaza, hakuna koo hata moja la kuniimbia, kinu kimenyamaza, yeye pia anasikiliza, nasikia anavyopumua, na ulimi wangu mzito unayakusanya maneno machache tu, Arbia, mama, mjibu wewe, endelea pale nilipokukatiza, yeye ali... na sijayatamka bado, na naogopa, ninyamaze kwanza vizuri, ninyamaze kabisa, nisije nikaikosa tena sauti yake, iwapo itakuwa ndogo.