Shangazi Ndiye Anayeomba

Losaline alikuwa akipanga nyama ya kopo juu ya majani ya magimbi kwa ajili ya Jumapili simu ilipolia. Aliijua namba ile.

"Ni wale wa deni," akamwambia binamu yake, Vika, aliyekuwa akikamua tui.

"Wasikilize, lakini usitoe hata senti. Umesahau alichokwambia mshauri?"

Hakusahau. Mshauri wa madeni wa kituo cha jamii mjini Logan, ambaye halipishi mtu, alikuwa amemweleza vizuri. Hapa Queensland, Australia, deni kama lake likikaa zaidi ya miaka sita bila kulipwa chochote, na bila mdaiwa kuandika kwamba analikubali, ana utetezi mahakamani. Lakini akitoa hata kidogo tu, miaka inaweza kuanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo ajue kwanza alilipa lini mara ya mwisho. Losaline hakukumbuka. Alikopa akamzike baba yake huko kwao Vava'u, katika visiwa vya Tonga, akalipa alivyoweza, kisha kazi ya kufua nguo ikaisha na mambo yakavurugika.

Kilichomnyima raha si mahakama. Kila alipopiga magoti alijiuliza: fedha nilizitumia, nguruwe walichinjwa, watu wakashiba. Sheria ikiniachilia, Mungu naye ataniachilia? Kwa hiyo alikuwa ameazimia kutoa dola ishirini, roho yake itulie. Vika hakuambiwa.

Akapokea simu, akaweka spika. Safari hii sauti ilikuwa ya kijana, tena kwa Kitonga.

"Shikamoo, shangazi. Ni mtoto wako Kelepi hapa. Hawa wazungu ofisini wanataka kukuchukulia hatua, lakini nimekutetea."

"Umenitetea vipi, mwanangu?"

"Nimewaambia huyu ni mama wa kanisa. Nipe ishirini tu leo, shangazi, niwafunge midomo."

Mkono wa Losaline ulikuwa tayari kwenye pochi, ukitafuta kadi ya benki. Vika akaangua kicheko.

"Mpwa anamwomba shangazi! Huyo kalelewa na nani? Na mbuzi?"

Losaline akasita. Alimkumbuka shangazi yake mwenyewe, alivyonyoosha kidole kwenye mkeka mpya wa harusi, naye Losaline akaukunja na kumpa bila neno. Kwa Watonga shangazi ndiye huomba, wala hanyimwi; hakuna aliyewahi kumnyooshea shangazi yule mkono wa kuomba.

"Kelepi, umeniita shangazi kwa maneno ya ofisi, au kwa kweli?"

"Kwa kweli, shangazi."

"Basi mwenye kuomba ni mimi. Nililipa lini mara ya mwisho?"

"Shangazi, simu hii inarekodiwa."

"Vizuri. Na wao wajue una shangazi."

Akasikia vidole vikibofya. "Miaka minane iliyopita."

"Na nikikupa hizo ishirini leo?"

Kiti kikasikika kikivutwa, kijana akasogea karibu na simu.

"Deni linaweza kufufuka," akasema kwa sauti ya chini. "Lote."

"Uliponiamkia, ulilijua hilo?"

"Nililijua, shangazi. Nisamehe."

Losaline akaketi. Hasira aliitafuta, hakuipata. Aliona tu kwamba waliomkopesha, kama mshauri alivyomweleza, walishauza deni lile zamani kwa bei ya kutupa, na kwamba ishirini zile zisingemrudishia mtu yeyote haki yake. Alikuwa akitafuta kununua utulivu, na ofisi ile haikuwa na utulivu wa kuuza.

"Sitoi," akasema. "Na msinipigie tena, nitawaandikia hilo, na mshauri ataisoma barua kabla sijaituma. Kinachobaki ni kati yangu na Mungu."

"Sawa, shangazi."

"Kesho unakula wapi?"

"Mimi? Nakaa peke yangu. Mkate tu."

"Ibada yetu ni saa nne. Baada ya hapo utakula kwangu."

Alipokata simu, Vika alikuwa amemkodolea macho. "Unamlisha mtoza madeni?"

"Namlisha mpwa wangu. Mtoza madeni nimemkatalia."

"Haya. Na hilo deni, kwa Mungu umesamehewa au bado?"

Losaline akanawa mikono, akaikausha polepole.

"Sijui, Vika. Nitaendelea kumuuliza."