Faili la Machi

Doris alijifunza kompyuta Dar es Salaam, kwenye shirika la umma ambalo baadaye liliuzwa, naye akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Akarudi kwao Upare. Mwaka 1999, hospitali moja ya misheni milimani juu ya Same ilipoletewa kompyuta mbili za msaada, aliitwa yeye kuzitunza.

Kompyuta hizo zilitumika zaidi kwenye kliniki ya kifua kikuu. Mama Raheli, muuguzi wa siku nyingi, aliingiza majina ya wagonjwa wapya kwa programu moja, na kila Jumatatu programu nyingine ilichapa orodha ya wanaotakiwa kurudi kuchukua dawa. Asiyetokea, gari lilimfuata, hata kama anaishi huko chini tambarare.

Mwezi wa nane kibarua mmoja wa mkonge, Isihaka, aliletwa kutoka kijiji cha Bendera akiwa kwenye tela la trekta, anatema damu. Alikuwa amekaa wiki saba bila dawa. Jina lake halikuwahi kutoka kwenye orodha hata mara moja.

Daktari Anderson, mganga mfawidhi, akamwita Doris ofisini.

"Raheli hakuandika jina la yule mgonjwa. Barua ya onyo nimeshaiandaa. Na unajua watu wanapunguzwa."

"Mbona jina lipo, daktari? Nimeliona mwenyewe kwenye kompyuta."

"Lipo leo. Ameliingiza jana baada ya kubanwa. Nithibitishie kabla ya Ijumaa."

Nje, Raheli alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niliandika siku ileile aliyokuja, Doris. Sijui mashine yako ilifanya nini."

Umeme ulikuwa wa mgao. Alhamisi ulirudi saa nne asubuhi, na Doris alijua utakatika saa saba. Aliyetengeneza programu ya orodha alikuwa ameshaondoka nchini bila kuacha maelezo, kwa hiyo haikuwezekana kuifungua na kuona inavyofanya kazi. Lakini hakuna programu inayojifungulia faili yenyewe. Lazima iombe kwa kerneli, kile kiini cha mfumo kinachosimamia kila kitu ndani ya kompyuta. Na ipo amri inayonasa maombi hayo yote, moja baada ya jingine. Doris alikuwa ameisoma tu, hajawahi kuitumia.

Akaandika ktrace, halafu jina la programu. Orodha ikatoka kama kawaida, bila Isihaka. Kisha akaandika kdump ili asome kilichonaswa. Mistari ikamiminika, mamia kwa mamia. Akaichuja ibaki ile inayotaja majina ya faili na majibu ya kerneli, akaanza kuisoma polepole, kidole kwenye kioo.

Programu iliomba kufungua rejista ya wagonjwa. Kerneli ikajibu: faili hilo halipo. Programu haikulalamika. Ikaomba faili jingine, wagonjwa.machi, ikapewa, ikasoma hadi mwisho.

Hiyo ilikuwa nakala ya akiba ya mwezi wa tatu.

Doris akakumbuka. Mwezi wa sita diski ilijaa, akahamishia rejista kwenye diski mpya. Programu ya kuingiza majina aliielekeza huko. Ile ya orodha aliisahau. Raheli alikuwa ameandika kila jina, na tangu wakati huo orodha ilikuwa haisomi alichoandika.

Kurekebisha kulihitaji mstari mmoja tu. Angeweza kuurekebisha na kufuta alama zote, na hapakuwa na mtu hospitalini pale ambaye angejua. Alilifikiria hilo, si kwa sekunde moja wala mbili. Halafu akachapa ukurasa ule kama ulivyo, akarekebisha mstari, akachapa orodha mpya, akaenda ofisini. Alimwomba Raheli waingie pamoja.

"Kosa ni langu," alisema, akaeleza mwanzo hadi mwisho.

Daktari aliutazama ule ukurasa asielewe kitu. "Basi barua hii inabadilika jina."

"Najua, daktari."

Raheli hakumtazama. "Orodha ya sasa ina wangapi ambao hatukuwafuata?"

"Kumi na mmoja, pamoja na Isihaka."

"Nipe hapa."

Kesho yake waliteremka na gari la hospitali, Raheli mbele na boksi la dawa, Doris nyuma na orodha. Walizunguka siku nne. Tisa waliwapata, wawili kati yao walikuwa hoi, wakaletwa wodini alikolazwa Isihaka. Wa kumi, Hamisi, chumba chake kwenye kambi ya mkonge kilikuwa na mtu mwingine. Jirani akasema amekwenda kutafuta kazi Korogwe, au Muheza, hana hakika.

Raheli aliandikia hospitali zote mbili. Majibu hayakuja.

Doris alibaki kazini, na onyo kwenye jalada lake. Kwa miezi miwili Raheli alizungumza naye mambo ya kazi tu. Kila Jumatatu, kabla orodha haijachapwa, aliingia na daftari lake, akavuta kiti, na wote wawili wakalinganisha jina kwa jina.