Skafu Aliyoigeuzia Mgongo Mama Punguza

Sokoni hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Punguza, na jina hilo alilibeba kama wengine wanavyobeba cheo. Muuza nyanya akimwona anachomoza kwenye kona, jasho lilianza kumtoka kabla ya salamu. Wanasema siku aliyozaliwa mkunga alitaja ujira wake, na kitoto kikaguna. Huo ni uzushi mtupu, lakini aliyeueneza ni mumewe mwenyewe, naye ametangulia mbele ya haki, hatuwezi kumbishia.

Silaha yake kubwa haikuwa ulimi. Ilikuwa mgongo. Alishika kitu, akakigeuzageuza, akakitafutia kilema, kisha akataja bei ya kumliza muuzaji. Wakishindwana, alikirudisha polepole, akageuka na kwenda zake, mkoba kwapani, kwa mwendo wa mtu aliyeacha kama hicho nyumbani, tena kizuri zaidi. Hafiki mbali, anasikia nyuma, "Mama, hebu rudi tuongee." Hapo kazi imekwisha.

Sasa, Mama Punguza alikuwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwalimu wa shule ya msingi. Wifi huyo aliugua saratani. Dawa zilimponya, lakini zilimnyoa kichwa chote, hata nyusi hazikumbakizia. Daktari alipomruhusu kurudi kazini, watu walimpongeza, naye akashukuru, kisha akamvuta Mama Punguza jikoni.

"Wifi, kufa sikuogopa. Naogopa darasa la tatu," alisema. "Siku ya kwanza ikiniharibikia mbele ya wale watoto, sitarudi tena. Najijua."

Akamwomba amtafutie skafu. Isiwe kitambaa cha mgonjwa, iwe ya mwanamke anayejipenda. Mwenyewe miguu ilikuwa bado haimbebi hadi madukani. Mama Punguza akamwambia atulie, amemtuma mwenyewe hasa.

Alikwenda siku moja kabla ya shule kufunguliwa, maana aliamini kwamba anayewahi huuziwa ghali. Alipita maduka yenye vioo, ambako skafu za wabunifu zilivishwa sanamu zisizo na vichwa, akasonya. Mwisho wa mtaa, katika chumba kilichobanwa na mafundi cherehani, akamkuta mfumaji, mwanamke wa makamo, amekaa kwenye mtambo wake wa mbao, anafuma.

Ukutani palining'inia skafu moja. Rangi yake ilianza zambarau iliyoiva, ikafifia mpaka majivu, na pindoni matamvua yalisokotwa kwa mkono. Mama Punguza alipoiona moyo ulimruka, akaukanyaga papo hapo, maana mnunuzi anayeonyesha hamu ameshajiuza.

Mfumaji alimweleza kwamba hafumi mbili za kufanana. Hii ni ya pamba, akasema, na ameuacha uzi na ukwaru kidogo makusudi, ili ikifungwa kichwani ikae isiteleze. Mama Punguza aliyasikia hayo kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Kila muuzaji husifia chake.

"Ya nini hasa, mama?" mfumaji aliuliza.

Na hapo ndipo alipoteleza Mama Punguza. Kanuni yake ilikuwa usimwambie muuzaji shida yako, atakukamata hapo hapo.

"Ya kufunikia televisheni," akasema. "Vumbi limezidi."

Akaishusha, akataja bei ya kitambaa cha televisheni. Mfumaji akatikisa kichwa, akataja bei yake. Mama Punguza akairudisha skafu ukutani polepole, akageuka, akatoa mgongo.

Hakuitwa.

Akapunguza mwendo. Akainama kurekebisha kandambili ambayo haikuwa na tatizo lolote. Kimya, mtambo tu ukigonga. Akaingia kwa muuza sufuria, akazikagua moja moja, akampa mfumaji nafasi ya kujirudi. Alipoona huyu mtu ana roho ngumu kuliko yake, akameza fahari akarudi. Ukutani ulibaki msumari. Mteja alikuja, akaipenda, akaondoka nayo.

Watu husema majuto ni mjukuu. Huyu wa Mama Punguza alikuja na meno yote kinywani.

Jua lilikuwa linashuka na kesho ndiyo siku yenyewe. Akaingia kwenye mojawapo ya yale maduka yenye vioo. Muuzaji, binti aliyenukia vizuri, alimwonyesha skafu ya hariri, jina la mbunifu limetariziwa pembeni. Alipojaribu kuomba apunguziwe, yule binti alimtabasamia tu kama anavyotabasamiwa bibi aliyepotea njia. Akalipa bei iliyotajwa, tena kubwa kuliko ya mfumaji, akatoka bila kumwambia mtu kwaheri.

Mwalimu aliipenda. Alijifunga mbele ya kioo, akageuka huku na huku, akasema marehemu kaka yake angekuwepo angeuliza mgeni huyu katoka wapi. Iliteleza kidogo, wakaibana kwa pini. Lakini pini hushika kitambaa kwa kitambaa. Kichwa hakikuwa na hata unywele mmoja wa kusaidia. Mama Punguza aliona, akanyamaza.

Kesho yake, kabla ya mchana, Mwalimu alikuwa amesharudi. Alikaa kitandani na viatu miguuni, akamsimulia wifi yake. Alikuwa akiandika ubaoni, akanyoosha mkono kufika juu, hariri ikateleza kwa nyuma ikaanguka miguuni mwake. Akageuka.

"Walicheka?" Mama Punguza aliuliza.

"Wangecheka ningejua la kufanya, miaka yote hiyo nimefundisha. Hawakucheka, wifi. Walininyamazia. Mmoja pale mbele akaanza kulia."

Wiki hiyo hiyo akaomba kustaafu mapema. Mama Punguza alimsihi, akamtania, akamnunia, akamletea mwalimu mkuu mpaka sebuleni. Mwalimu akamkaribisha chai mkuu wake, akamsindikiza hadi mlangoni, na neno lake halikubadilika.

Ndipo Mama Punguza alipokwenda tena kwa mfumaji. Alisimama mlangoni akasema yote: wifi, saratani, darasa la tatu. Mfumaji akasimamisha mtambo.

"Mama, uliniambia televisheni," alisema. "Nilikuacha uende kwa sababu sikutaka kazi yangu ikakae juu ya televisheni. Ungesema ni ya kichwa hicho, ningekukimbilia mpaka barabarani. Hata bei ungetaja wewe."

Mama Punguza hakuuliza hata bei, jambo ambalo soko zima halikuwahi kulishuhudia. Akaagiza nyingine, akalipa yote kabla uzi haujatandazwa, akangoja kama wanavyongoja wengine.

Ilipokamilika haikufanana na ile; hii ilikuwa ya kijani, rangi ya majani yaliyonyeshewa. Mwalimu alijifunga, akatikisa kichwa kulia na kushoto, akainama mpaka chini kama anayefagia uvunguni. Haikusogea.

"Basi twende shule," Mama Punguza akasema haraka. "Nitakusindikiza mimi mwenyewe."

"Wameshapata mwingine. Kijana, mpole, ana nywele nyingi." Mwalimu alijitazama tena kiooni, kwa muda. "Lakini kitu kizuri hivi hakifai kukaa ndani. Nitoe nayo mahali, wifi."

Mama Punguza alitafuta mahali kichwani mwake, asipate. Mwishowe akasema kiberiti kimekwisha. Hakikuwa kimekwisha, na wote wawili walijua.

Wakaenda wameshikana mikono hadi duka la pembeni. Mwenye duka akatoa kiberiti, akataja bei, akaegemea meza kusubiri vita. Mama Punguza akalipa. Yule bwana akamtazama usoni kwa wasiwasi, akamwuliza kama anaumwa.

"Mwache," Mwalimu akajibu. "Atapona."