Uzi Usiooza

Uzi uwe mnyonge kuliko kitambaa. Ukilishika hilo moja umeshika nusu ya kazi yangu, na nusu nyingine ni kukaa kitako. Wasichana wanaojiandaa kuolewa wanakuja hapa na satini zao, wanataka mfarishi mzito wa kujaza sufu, na kila mmoja ananiambia, shangazi, tushonee kwa uzi wa nguvu, usiokatika milele. Nawaambia watoto watauvuta mfarishi huo huku na huku, na lazima kitu kimoja kiachie. Uzi ukiachia, unashona tena. Kikiachia kitambaa, hakina dawa. Hawanisikii, na mimi sina uso wa kuwakemea. Mimi Asimo, fundi wa mifarishi tangu nina miaka tisa, niliwahi kushona kwa uzi usiokatika. Nilimshonea mama yangu mzazi, na nilijua ninachokifanya.

Mama aliitwa Zaharo. Hapa kwetu mlimani hapakuwa na kitanda ambacho mkono wake haukukipitia. Alinifundisha kazi bila kunipiga na bila kunigombeza, na afadhali angenipiga. Akiona mshono umepinda alivuta kitambaa taratibu kutoka mapajani mwangu, akachomoa sindano kifuani pake, akaanza kufumua. Tk. Tk. Tk. Uzi uliotoka aliuzungusha kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, mzunguko juu ya mzunguko, na ncha yake akaichomeka chini ili usifunguke. Halafu alikivua kile kipete cha uzi akaniwekea mbele. Uzi hautupwi, alikuwa akisema, anza upya.

Nilipokuwa na miaka tisa sikuona ubaya. Nilipofika arobaini na sita, na mvi kichwani, na wateja wamekaa pale kwenye kiti wananywa kahawa yangu, aliendelea kunifumulia. Wifi yangu Stamato, mke wa kaka yangu aliyekuwa Ujerumani kikazi, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Aliniita mwanafunzi. Hata sokoni aliniita hivyo.

Kwa wafu mama alikuwa na sheria yake, aliyoipokea kwa mama yake. Fundi wa mifarishi akifa anaviringishwa ndani ya mfarishi mwembamba wa pamba, na pindo linafungwa kwa mshono mmoja, kutoka kidevuni mpaka miguuni. Uzi uwe wa pamba, wa kuoza pamoja na kitambaa. Usipigwe fundo hata moja. Na sindano iliyoshona haitarudi nyumbani, inaachwa humo humo na mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mkate unatiwa chumvi.

"Maiti hafungwi, Asimo," alisema. "Maiti anasitiriwa tu, halafu anaachwa aende zake."

Maana kwetu mtu hazikwi mara moja yakaisha. Baada ya miaka mitano wanawake wa familia wanachimba, wanatoa mifupa, wanaiosha kwa divai, wanaiweka kwenye sanduku ndani ya chumba cha mifupa kanisani. Mifupa ikitoka safi, ya manjano, imeachana, watu wanashukuru: roho imepumzika. Ikikutwa bado kuna kilichoshikilia, mtu anafukiwa tena kwa miaka mingine, na kijiji kinaanza kuitazama nyumba yake kwa jicho la pembeni. Wanasema kuna mtu hajamwachia.

Wiki moja kabla hajafa, mama akiwa kitandani, mama wa bibi harusi mmoja alikuja kuchukua mfarishi nilioushona. Ulikuwa kazi nzuri, naapa. Mama aliomba auone. Akaushika, akachomoa sindano, akafumua pindo zima mbele ya yule mwanamke. Ilimchukua asubuhi nzima. Mgeni alikaa akitazama miguu yake, na mimi nilisimama mlangoni nikiomba ardhi ipasuke. Alipomaliza alininyoshea kile kipete cha uzi. Sikukipokea. Hatukusemezana tena mpaka alipokata roho.

Asubuhi ya maziko ilibidi nimshone. Pamba ya kushonea aliyojiwekea mwenyewe ilikuwa imekaa dirishani miaka mingapi sijui, jua lilikwisha kuila; niliivuta ikakatika, nikaivuta tena ikakatika. Pamba nyingine ilikuwemo kwenye kapu. Sitadanganya, ilikuwemo, mpya, na niliiona. Lakini kando yake palikuwa na rola ya nailoni, uzi mweupe unaoteleza, ndiyo kwanza umeingia kwa wauza duka wa bondeni, wakijisifu kwamba hauozi wala haukatiki. Nikauchukua huo. Kwa kuwa nailoni inateleza, nilipiga fundo kila baada ya shubiri moja. Mikono yake nilikwisha kuikunja kifuani, ndani. Sindano nikaichomeka kwenye pindo, pale chini ya kidevu. Halafu niliinama sikioni mwake, wanawake wengine wakadhani namuaga.

"Haya," nilimwambia, "na hii nayo fumua."

Hasira hasara, na mimi nilikuwa nayo ya miaka thelathini na saba.

Siku arobaini zilipita kimya. Nilipika ngano ya wafu, nikatia zabibu na komamanga, nikagawa kanisani, Padri Anestis akasoma. Kisha likaanza. Kwetu saa ya kuogopa ni saa nane mchana, jua kali, madirisha yamefungwa, kijiji chote kimelala, hata mbwa. Nilikuwa nimejinyosha kwenye kochi la kazini. Nikasikia: tk. Nikadhani mende. Baada ya muda mrefu: tk.

Nilipoamka, mfarishi niliokuwa nikiushona kwa nailoni, maana wateja walikwisha kuipenda, ulikuwa umefumuliwa mstari mmoja. Uzi wake ulikuwa juu ya meza, umezungushwa kipete, ncha imechomekwa chini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Stamato. Nilimwambia maneno ambayo wifi hamwambii wifi yake. Yeye alikuwa na unga mpaka viwikoni, akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema kwamba yeye hata kifungo hajui kukishona, dunia nzima inajua, afumue vipi? Ilikuwa kweli. Alinikalisha akanipa maji. Aliniuliza kama nalala vizuri, tena kwa upole, na upole wa Stamato ulinitisha kuliko ile sauti.

Niliacha nailoni. Rola nikaitupa bondeni, nikarudi kwenye pamba, na hakuna aliyegusa kazi yangu tena. Sauti haikuacha. Ilikuja kila mchana saa ile ile, haikutoka mezani wala dirishani, ilitoka chini, mahali pa mbali, lakini niliisikia kama iko kwenye mto wangu. Tk. Kimya. Unaweza kukoroga kahawa ukainywa ukaosha kikombe, ndipo tk ya pili. Nilianza kuzijua siku zake. Kulikuwa na siku za fundo: hizo zilichukua mchana mzima, na katikati nilisikia mkwaruzo, kama ukucha kwenye kamba. Nilijua ni fundo la ngapi kwa sababu nililipiga mimi. Nilikuwa nakaa na mikono mapajani nikihesabu, nikisema kimoyomoyo, mama, acha, pumzika, nimekosa. Sikusema kwa sauti. Ningesema kwa sauti ningelazimika kumwambia mtu.

Mwaka wa tatu, siku ya Alhamisi, baada ya fundo la nne, ilikoma. Nilingoja kesho yake. Nilingoja wiki. Kimya. Nikalia kwa furaha, jamani, nikatengeneza ngano nyingine nikagawa bila mtu kujua ni ya nini. Nikajiambia amemaliza. Amenisamehe, ameenda zake. Miaka miwili nikalala mchana bila kusikia kitu.

Tulimchimba Jumamosi ya wafu, asubuhi. Walikuwepo wanawake kama kumi. Stamato alishika jembe, maana ana mgongo wa nyumbu, na mimi nilisimama ukingoni na divai na taulo nyeupe. Mbao za jeneza zilikuwa zimelainika. Tulipoziondoa, Stamato akaingia shimoni akaanza kutoa udongo kwa mikono, taratibu, na kila mtu alikuwa anasubiri fuvu, kwa sababu fuvu ndilo linalotoka kwanza. Kisha akasimamisha mikono.

"Ni nini hiki?" aliuliza. "Wifi, njoo uone hiki ni nini."

Kitambaa kilikuwa kimekwenda, pamba ya ndani imekwenda. Fuvu lilikuwa safi, la manjano, zuri. Lakini kuanzia katikati ya paja kwenda chini kulikuwa na mshono. Mshono mtupu, bila kitambaa, mweupe kama siku niliyoushona, umelala juu ya mifupa ya miguu na kuibana pamoja, pamoja na mafundo yake yote. Kutoka paja kwenda juu hapakuwa na mshono. Mkono wa kushoto ulikuwa kifuani nilipouweka, na kwenye mfupa wa kidole cha shahada kulikuwa na uzi umezungushwa, mzunguko juu ya mzunguko, mnene, ncha imechomekwa chini. Mkono wa kulia haukuwa kifuani. Ulikuwa umenyooka kando ya mwili, umenyooka mpaka mwisho wake, na kati ya vile vifupa vya vidole palikuwa na sindano yenye kutu.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini sauti ilikoma. Hakuwa amemaliza. Mkono ulikuwa umefika mwisho, kwa sababu mtu aliyelala chali haifikii miguu yake. Alifumua mpaka pale alipoweza, akabaki hivyo, mkono umenyooka, miaka miwili, na mimi juu nimelala usingizi wa mchana.

Wanawake walikuwa wanafanya ishara ya msalaba. Mmoja alisema udongo husogeza mifupa. Mwingine, mkubwa kuliko wote, alisema kwamba afukiwe, huyu ameshikwa, tumrudie baada ya miaka mitatu. Wengine wakaitikia. Stamato akanyanyua kichwa akanitazama, na sikuona hata chembe ya mzaha usoni mwake.

"Nani alimshona kwa nailoni?"

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Niliweka divai chini. Nilisema ni mimi, na kwamba pamba ilikuwemo kwenye kapu, na nilisema pia lile neno nililomnong'oneza, lote, mbele yao. Stamato alitoka shimoni, akanipa mkono niingie.

Nilipiga magoti kwenye udongo. Niliichukua ile sindano kutoka vidoleni mwake. Nilidhani itanata, haikunata. Nikaanza pale alipoachia. Tk. Ilikuwa sauti ile ile. Wanawake juu walisogea ukingoni, na najua waliisikia. Tk. Kila fundo lilinichukua muda, kutu inakwaruza, macho yangu hayaoni vizuri, na sikutaka kukata kwa kisu ingawa walinipa. Uzi uliotoka niliuzungusha kwenye kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto. Jua lilifika utosini. Fundo la mwisho lilikuwa kwenye vifundo vya miguu, na lilipoachia, mifupa ya miguu yote miwili iliachana na kulala chini kila mmoja upande wake, polepole, kama mtu anayejinyosha baada ya kazi. Nikachomeka ncha ya uzi chini. Nikalia kwa sauti, bila aibu.

Tulimwosha kwa divai. Kile kipete cha uzi kwenye kidole chake kilitoka chenyewe kikaangukia mkononi mwangu, na Stamato akasema nikichukue, ni changu. Tangu siku ile hajaniita mwanafunzi.

Vipete vyote viwili viko hapa kwenye droo, chake na changu. Kazi za wateja nashona kwa pamba tu. Saa nane mchana nafunga madirisha najinyosha kwenye kochi, na nyumba inatulia, kimya kitupu. Mwezi uliopita nilishona pindo limepinda, kwa makusudi, kwa nailoni niliyoinunua tena bondeni, nikaliacha mezani nikaenda kulala. Nilipoamka lilikuwa vile vile. Wiki hii nimelipinda zaidi. Bado liko pale mezani, hakuna aliyeligusa.